Niko na Shida ya Problématique

Kitenge kilishonwa kabla mimi sijaandika hata sentensi moja ya maana. Kilikuwa cha buluu, chenye majani makubwa ya manjano, na akina mama wote wa kwaya ya kanisa letu walikuwa wamekishona sare, kila mmoja na mtindo wake wa shingo, kwa ajili ya siku ambayo mtoto wa mwenzao angetetea kazi yake ya mwisho ya chuo. Mtoto mwenyewe ni mimi. Mama yangu, anayeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, sokoni Kalundu na hajawahi kukaa na habari njema tumboni, alikuwa ameitangaza siku hiyo kana kwamba chuo kilimpa yeye tarehe. Nikipita sokoni wanawake waliniita Licenciée, yaani mwenye digrii. Nikisema bado, walinijibu kwamba hata mwenye mimba huitwa mama kabla hajazaa, kwa hiyo nitulie nizae.

Neno hilo, bado, lilikuwa dogo sana kwa hali niliyokuwa nayo. Chuo chetu hapa Uvira kinafundisha kwa Kifaransa, na mwanzoni mwa kila mémoire, yaani ile kazi ya kumalizia masomo, lazima uandike kitu kinachoitwa problématique. Ni kurasa chache tu. Unaeleza tatizo unalotaka kulichunguza, unaeleza kwa nini ni tatizo, kisha unataja malengo yako. Ukisikia hivyo unadhani ni shughuli ya alasiri moja. Mimi ilinila miezi. Mwalimu aliyenisimamia, ambaye sote tulimwita Directeur, alikuwa na sheria moja isiyo na mlango wa nyuma: hugusi sura ya kwanza kabla yeye hajaikubali problématique.

Na kulikuwa na meli. Kaka yangu anaishi Kalemie, kusini ya mbali ya ziwa hili hili, na mke wake alikuwa mjamzito wa mtoto wao wa kwanza. Mama alikwisha kuahidi kwenda kumtunza. Huku kwetu bibi akienda kumpokea mjukuu wa kwanza hasemi anarudi lini, na watu hawamwulizi. Mara nyingi anarudi mtoto akiwa anatembea. Angepanda meli bandarini Kalundu mara tu baada ya awamu ya kwanza ya utetezi. Nikiangukia awamu ya pili, ningesimama mbele ya jury, wale walimu wanaotoa alama, nikipigiwa makofi na viti vitupu. Nilitaka mama awepo. Diploma yenyewe, kusema kweli, niliitaka zaidi kwa sababu hiyo.

Toleo langu la kwanza la problématique nililiandika kwa kiburi. Nilikuwa nimeshinda maktabani nikisoma mémoire za waliotutangulia, nikaona zote zina njia moja: unaanza na dunia nzima, unashuka Afrika, unaingia Kongo, unapita mkoani, mwisho unatua Uvira. Nami nikafuata njia hiyo hiyo. Kichwa changu kilikuwa juu ya umaskini wa akina mama wa Kivu Kusini, na malengo yangu yalikuwa na vitenzi vizito ajabu. Nilikuwa natokomeza, nahamasisha, naleta mapinduzi. Nilikipeleka kile kitu ofisini nikiwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani.

Directeur ni mtu wa Uvira kama sisi, lakini vita vya zamani vilimpeleka Kigoma akiwa mtoto, akasomea huko, akarudi na Kiswahili kilichopigwa pasi. Sisi tunasema minye na weye, yeye anasema mimi na wewe. Sisi kila kitu tunakiambia iko, yeye huitafuta ngeli ya kitu kwanza ndipo afungue mdomo. Tulimwiga sana tukiwa peke yetu, na nadhani alijua. Siku ile alisoma kurasa zangu zote bila kuinua kichwa, kisha akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimechoka.

Nikamwambia hapana.

“Umezunguka dunia nzima kwa miguu, mademoiselle,” akasema. “Uvira umefika ukiwa umebakiwa na nusu ukurasa. Mimi nimechoka kwa niaba yako.”

Halafu akaniuliza huo umaskini ningeutokomeza mimi na nani, na kama ni kabla au baada ya likizo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, zinakuja mbio na kuondoka mbio, na siku ile zilikuja na viatu vya kanisani. Alipomrudishia mtu kazi alikuwa na tabia ya kuandika pembeni kwa Kiswahili, eti Kifaransa kinawapa wanafunzi mahali pa kujificha. Pembeni mwa ukurasa wangu wa mwisho aliandika: Tatizo liko wapi?

Swali dogo hilo nilitembea nalo wiki nzima. Niliona labda tatizo halipatikani ofisini wala maktabani, itabidi nilifuate linakoishi. Nikakumbuka mama mdogo wangu, ndugu ya mama, ambaye anaanika ndagala kule Makobola pamoja na wenzake. Nikapanda pikipiki barabara ya Fizi, daftari mkononi, nikiwa nimejaa matumaini na vumbi.

Walinipokea vizuri. Walinipa kigoda, wakanipa muhogo na samaki, wakanisifu kwamba nimenenepa, jambo ambalo halikuwa kweli. Nilipoona tumbo limetulia na watu wametulia, nikafungua daftari na kuuliza swali la Directeur kwa lugha ya kwetu. Yeye alisema tatizo. Huku kando ya ziwa nani anasema tatizo? Nikawauliza:

“Mama zangu, muko na shida gani?”

Sijawahi kuona swali linajibiwa kwa haraka namna ile. Mmoja alikuwa na shida ya chandarua. Wa pili alikuwa na shida ya sabuni, na kama iko, ya redio ndogo. Wa tatu alikuwa na shida ya turubai, akasema yale waliyoleta wale wengine wa mashirika yalikuwa mepesi, tuwaambie wakubwa wetu walete mazito. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua ndagala pembeni alisema yeye ana shida ya mwanamume asiyekoroma. Walicheka mpaka ndagala zikamwagika. Mama mdogo mwenyewe, ndugu ya mama yangu, aliyenipa uji nikiwa mtoto, aliniuliza kwa sauti ya chini shirika langu linaitwaje, ili jina lake liwe la kwanza.

Mimi niliandika vyote. Niliandika hata mwanamume asiyekoroma, nikamweka katika mahitaji ya afya. Nilirudi Uvira nikiona nimelishika tatizo kwa mkia, na nikatunga malengo kufuatana nalo: kutoa chandarua, kutoa sabuni, kutoa turubai zito. Nilimpelekea Directeur toleo la pili nikiwa na uhakika wa kusifiwa.

Safari hii alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta, nami nilikaa pale nikiitazama kalenda ya ukutani kwa chuki. Alipopata pumzi akaniambia kwamba hiki nilichomletea ni mahitaji ya kwenda nayo sokoni. Akasema nimewauliza watu wanataka nini, nao wamenijibu wanachotaka, hawakukosea hata kidogo. Kama ningekuwa na duka, kazi ingekuwa nzuri. Lakini mtafiti, alisema, hatafuti kitu ambacho watu hawana. Anatafuta kitu ambacho watu hawajui. Akanikumbusha kwamba tarehe ya kufunga orodha ya awamu ya kwanza imekaribia, na kwamba asingependa kuniona nikisubiri awamu ya pili.

Wala mimi. Nilitoka pale nikitembea kwa miguu hadi nyumbani ili hasira ipate nafasi ya kuishia njiani, lakini siku hiyo ilikataa. Nilimchukia Directeur, nikamchukia mama mdogo na turubai lake, nikachukia na Kigoma, mji ambao sijawahi kuufikia na haujanikosea chochote. Chini ya hayo yote nilikuwa na hofu. Niliiona ile meli inaondoka.

Nyumba yetu iko karibu na maji, karibu kuliko tunavyopenda, kwa sababu miaka hii ziwa limekuwa likisogea kututembelea bila kualikwa. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba. Ndagala zilikuwa zimetandazwa mchangani, zinang'aa, na mama alikuwa ameinama akizigeuza kwa ufagio. Nilikaa juu ya beseni lililopinduliwa bila hata kumsalimia. Aliniangalia mara moja tu, akaelewa.

“Uko na shida gani?” akaniuliza.

“Niko na shida ya problématique,” nikamjibu.

“Minye niko na shida ya weye uniletee hii beseni unakalia. Mvua inakuja.”

Nilianza kuinuka, nikakaa tena. Nilikuwa nimelisikia lile neno. Maisha yangu yote nimelisema na sijalisikia, kama vile mtu asivyosikia mlango wa kwao ukilia. Shida. Kwa Kiswahili cha Directeur, shida ni taabu, ni kitu kibaya kinachokupata. Kwetu pia ni hivyo, lakini kwetu mtu akisema ana shida ya maji, anataka maji; akisema ana shida ya fulani, anataka kumwona. Mama alikuwa ameniuliza nina taabu gani na papo hapo ameniuliza nataka nini, kwa swali moja. Nami nilikuwa nimejibu yote mawili. Wale mama wa Makobola nao walichagua nusu waliyoipenda zaidi, na nani angewalaumu?

Mama alinikumbusha kwamba mvua haingoji wasomi.

Tulikimbia. Kila mtu kando ya ziwa alikuwa anakimbia, maana ndagala ikinyeshewa inageuka rangi na kuoza, na kazi ya siku inakuwa chakula cha bata. Tulikuwa tunazoa kwa mikono, kwa ufagio, kwa sahani, mchanga na samaki pamoja, tukicheka kwa sababu jirani yetu mmoja aliteleza na kukaa chini katika beseni lake mwenyewe. Nilipoinua kichwa kujipangusa matone ya kwanza, nikaona sare ya kwaya.

Kile kitenge cha buluu, mama alikuwa amekifua. Kilikuwa kimetandazwa vizuri, bila kukunjamana, juu ya kichanja. Kichanja ni meza ya miti yenye wavu juu, waliyotujengea watu wa shirika fulani miaka ya nyuma ili tukaushe ndagala hewani, mbali na mchanga. Kila nyumba ya mstari wetu ilipewa. Walitufundisha, tukapiga makofi, tukaimba. Na mpaka leo kila mtu kando ya ziwa atakuambia kwamba ndagala ya kichanja ni safi kuliko ya mchangani. Nikatazama mstari wote wa nyumba. Juu ya vichanja kulikuwa na nguo, masufuria, mihogo, kuku mmoja aliyelala. Ndagala zote zilikuwa chini mchangani, na watu wote walikuwa wameinama juu yake wakikimbizana na mvua.

Tulipokwisha kuingia ndani na mabeseni yetu, nikamwuliza mama kwa nini kitenge kiko juu ya kichanja na ndagala ziko chini.

Alifungua mdomo kunijibu mara moja, kama kawaida yake, kisha akaufunga. Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli kweli, maji yakimchuruzika usoni.

“Sijui,” akasema. “Iko vile siku zote.”

Mama yangu hajawahi kusema sijui mbele yangu, si juu ya dawa, si juu ya siasa, si juu ya wanaume. Nilimkumbatia akiwa na samaki mikononi, naye akaniuliza kama nimeanza kuugua.

Mvua ilipokatika nilipita kwa majirani, safari hii bila kusema lile neno. Nikauliza tu kwa nini wanaanika chini. Mmoja akasema ya kichanja haina ladha. Mwenzake akambishia kwamba ladha ni ile ile, ila wanunuzi wa Luvungi hawaitaki kwa sababu inaonekana nyeupe mno, kama imeoshwa. Wa tatu akasema wavu ni mdogo. Jirani aliyekalia beseni akasema anaona aibu kuwa wa kwanza. Wakaanza kugombana wao kwa wao kwa sauti ya kanisani, na nilipoondoka walikuwa bado wanabishana. Mimi sikujali nani yuko sahihi. Nilichofurahia ni kwamba kila mmoja alikuwa na jibu lake na hakuna aliyekuwa na hakika.

Niliandika jioni ile ile kabla ya kula. Dunia sikuizunguka, hata Afrika sikuipitia. Nilianza na kuku aliyelala juu ya kichanja. Nikasema: kitu fulani kinajulikana kuwa bora, kimeletwa mpaka mlangoni, na watu hawakitumii, na hakuna anayejua kwa nini, hata wao. Malengo ndiyo yalikuwa yamenitesa zaidi, lakini sasa nilikuwa na njia. Nilianza kila lengo kwa maneno ya nyumbani: niko na shida ya kujua nani anatumia kichanja na nani hatumii, niko na shida ya kujua wanasema ni kwa sababu gani, niko na shida ya kujua wanunuzi wanachagua ipi wakiziona zote mbili. Kila shida ya juu, kwenye tatizo, ilikuwa na shida yake ya chini, kwenye malengo, moja ikiwa taabu na nyingine ikiwa kutaka. Ile isiyokuwa na mwenzake niliifuta. Kisha nikaigeuza yote kuwa Kifaransa cha heshima, bila kutokomeza chochote.

Directeur alisoma amesimama. Alisoma tena amekaa. Nilikuwa nimevaa kandambili siku hiyo, sikuwa na nguvu ya viatu.

“Hii imeshikana,” akasema. “Tatizo na malengo vimeshikana. Nani amekusaidia?”

Nikamwambia ni mama na neno moja. Nikamweleza habari ya shida mbili, na ya Makobola jinsi ilivyokuwa, na namna nilivyoanza kila lengo. Nadhani alikuwa amerudi mahali fulani pa zamani, kabla ya Kigoma, maana aliposema tena sikuamini masikio yangu.

“Basi na minye niko na shida ya sura ya kwanza,” akasema. “Ijumaa.”

Akatia sahihi. Alibadilisha kitenzi kimoja tu, nadhani kwa ajili ya heshima yake.

Majuma yaliyofuata siwezi kuyasimulia vizuri kwa sababu sikuyaona. Nilienda Makobola na kurudi mpaka waendesha pikipiki wakaanza kuniuliza habari za ndagala. Mama mdogo alinisaidia sana baada ya kukubali kwamba hakuna shirika, ingawa hata leo nadhani ana wasiwasi kwamba turubai liko mahali nimelificha. Nilichokipata kimo katika mémoire, na anayekitaka akakisome maktabani. Kinaanza na kuku.

Nilitetea katika awamu ya kwanza. Kwaya nzima ilijaa katika chumba kile kidogo, buluu na manjano ukuta hadi ukuta, na wakaanza kuimba kabla jury haijatoa alama. Mwenyekiti wa jury aliwaomba wangoje. Wakangoja wakiwa wamesimama, ambayo ni namna yao ya kuimba bila sauti. Mwalimu mmoja aliniuliza ni kitu gani hasa kilinisukuma kuchagua tatizo hili, nami nikatazama mstari wa mbele ambapo mama alikuwa ameketi amenyoosha mgongo, na nikajibu kitu cha Kifaransa ambacho sikikumbuki. Alama zilipotolewa, mama hakupiga vigelegele. Wengine ndio walipiga. Yeye alikaa tu pale, mikono juu ya kitenge chake, anatabasamu na kulia pamoja. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote ninayoijua.

Meli iliondoka wiki hiyo hiyo. Nilimsindikiza bandarini akiwa amevaa ile ile sare, kwa sababu alitaka watu wa Kalemie nao waione. Nilikuwa nimezunguka asubuhi yote nikimkusanyia vitu, na kila nikimaliza nilimwuliza ana shida ya nini tena. Alikuwa na shida ya maji ya njiani. Alikuwa na shida ya kitambaa cha kichwa cha pili, ya dawa ya mgongo, ya betri za redio. Nilileta vyote. Watu walikuwa wanapanda, wanasukumana na magunia, na nikamwuliza mara ya mwisho, kikapu chake kikiwa bado mkononi mwangu.

“Mama, uko na shida ya nini tena?”

Aliniangalia kama alivyoniangalia siku ile ya mvua.

“Ya weye,” akasema.

Nilimpa kikapu chake cha ndagala, zile za mchangani, naye akapanda.